Kabla Hujaipa Injini Pumzi ya Ziada

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Jumapili moja hivi karibuni nilikuwa nimekaa barazani nasubiri chai, mara akaingia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, simu mkononi na uso umejaa furaha. Hata kabla hajaketi alisema, "Shikamoo mjomba. Nimepata gari." Nikaitikia marahaba, nikamwuliza ni gari gani. Akanionyesha picha ya kigari chekundu cha milango miwili na viti viwili, paa lake la turubai. Lilikuwa Mazda MX-5, lile ambalo huko Japani liliuzwa mwanzoni kwa jina la Eunos Roadster. "Ila sitaliacha hivi hivi, mjomba," akaongeza. "Nataka nilifunge supachaja."

Kijana huyu ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Kwa miaka sita amekuwa akidunduliza, shilingi juu ya shilingi, na mama yake alikuwa anatarajia kwamba fedha hizo zitanunua kiwanja. Kwa hiyo swali alilokuja nalo halikuwa la mchezo. Alitaka kujua kama gari lile linafaa kuongezwa nguvu, au anakwenda kutupa jasho la miaka sita. Na kwa kuwa vijana wengi wa mjini siku hizi wana ndoto ya namna hiyo, nimeona tulizungumze hadharani.

Tuanze na msingi. Watu wengi hudhani nguvu ya gari inatoka kwenye petroli. Ni kweli, lakini huo ni nusu ya ukweli. Petroli haiungui bila hewa. Ili kilo moja ya petroli iungue sawasawa, inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Kumwaga petroli zaidi ndani ya silinda ni jambo rahisi. Kazi iko kwenye hewa. Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe: pistoni inaposhuka huacha nafasi tupu, na hewa ya nje inajisukuma kuingia. Haiwezi kuingia zaidi ya pale uzito wa hewa ya nje unapoishia.

Supachaja si kitu kingine ila ni pampu ya hewa. Hufungwa ubavuni mwa injini na kuzungushwa na mkanda unaotoka kwenye puli ya krankshafti, namna ile ile pampu ya maji au kompresa ya kiyoyozi inavyozungushwa. Badala ya injini kuvuta hewa, hewa inashindiliwa ndani yake. Ndugu yake ni tabo, ambayo nayo hushindilia hewa, lakini yenyewe huzungushwa na moshi unaotoka kwenye ekzosi. Tofauti yao dereva huisikia mguuni. Supachaja, hasa ile ya aina ya Roots, huitika mara tu unapokanyaga mafuta, ilhali tabo husubiri kidogo moshi upate nguvu. Lakini supachaja nayo ina deni lake: sehemu ya nguvu inayozalishwa inarudi kuizungusha yenyewe.

Wala teknolojia hii si ngeni. Ndugu wawili Wamarekani, Philander na Francis Roots, wa mji wa Connersville, Indiana, walipata hataza ya pampu yao ya hewa mwaka 1860, kabla gari la petroli halijazaliwa. Mjerumani Gottlieb Daimler alipata hataza ya kuishindilia injini hewa mwaka 1885. Mwaka 1921 Mercedes ilionyesha mjini Berlin magari yake ya kwanza yenye kifaa hicho. Na katika Vita vya Pili vya Dunia, ndege ya Kiingereza ya Spitfire ilipanda juu angani kwa injini ya Rolls-Royce Merlin iliyokuwa na supachaja, kwa sababu huko juu hewa ni nyepesi na injini isiyosaidiwa huishiwa pumzi.

Hilo la kuishiwa pumzi linatuhusu hata sisi tusiorusha ndege. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa ziko usawa wa bahari. Nairobi na Mbeya ziko karibu mita 1,700 juu yake. Kwenye mwinuko huo msukumo wa hewa hupungua kwa karibu asilimia 18, na nguvu ya injini ya kawaida hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Gari lenye nguvu za farasi 120 ufukweni linabaki na kama 100 tu huko mlimani, wala si ubovu wa gari. Ndiyo maana mtu wa Nairobi anayetamani supachaja hawezi kulaumiwa kwamba anataka makuu. Pengine anataka kurudishiwa tu kile alichonyang'anywa na mlima.

Sasa tupige hesabu. Usawa wa bahari, hewa inatukandamiza kwa paundi 14.7 kwa kila inchi ya mraba, kipimo kile kile unachokisoma unapojaza upepo kwenye tairi. Supachaja ndogo ikiongeza paundi 6 juu yake, imeongeza kama asilimia 40. Kwa karatasi, injini ya farasi 120 ingefika 168. Mpwa wangu macho yalimwangaza hapo. Nikamwambia, subiri, karatasi haina joto.

Nikamwuliza, "Wewe unatengeneza viyoyozi. Ukishika bomba linalotoka kwenye kompresa, unasikia nini?"

"Linaunguza, mjomba."

"Kwa nini?"

"Gesi ukiikandamiza inapata moto."

Basi hapo ndipo siri ilipo. Hewa nayo ukiikandamiza inapata moto, kama mtu yeyote aliyewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono anavyojua. Hewa ya moto inachukua nafasi kubwa, kwa hiyo faida inapungua. Ondoa joto, ondoa na kile kinacholiwa na mkanda, na ile asilimia 40 haifiki yote kwenye magurudumu. Lakini kupungua kwa faida si hatari. Hatari ni kunoki.

Ndugu msikilizaji, neno hili tunalitumia ovyo. Injini ikifa kwa sababu yoyote tunasema imenoki. Maana yake halisi ni hii: mchanganyiko wa hewa na petroli unatakiwa uwashwe na plagi kisha uungue taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, ukiisukuma pistoni chini. Joto na mgandamizo vikizidi, sehemu ya mchanganyiko ambayo moto haujaifikia hulipuka yenyewe kwa ghafla. Unasikia mlio kama vipande vya chuma vinagongana. Kila mlio ni nyundo inayoipiga pistoni. Ukiendelea kukanyaga mafuta, pistoni hutoboka au kupasuka, na hapo hakuna cha kuunga.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza unapochagua gari la kuongezea nguvu si lina kasi gani, bali injini yake inakandamiza kiasi gani tangu kiwandani. Kila injini ina uwiano wake wa mgandamizo. Uwiano ukiwa mdogo, una nafasi ya kuongeza hewa. Ukiwa mkubwa, kiwanda kimeshakula nafasi hiyo.

Tutazame mifano. Toyota walipoifunga supachaja injini yao maarufu ya 4A-GE na kuitia kwenye MR2 mwaka 1986, hawakuning'iniza pampu wakaondoka. Walishusha mgandamizo hadi 8 kwa 1, wakatia pistoni za kufuliwa badala ya za kumiminwa, wakaongeza na kipoza hewa. Injini ile, iliyoitwa 4A-GZE, ikatoa nguvu za farasi 145. Mwaka 1987 ikaingia pia kwenye Corolla Levin na Sprinter Trueno. Ikiwa wenye kiwanda waliona haja ya kubadili pistoni, sisi wa chini ya mwembe tunapata wapi ujasiri wa kuruka hatua hiyo?

Sasa lile la mpwa wangu. Mazda MX-5 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwezi Februari 1989. Ni gari jepesi, chini ya kilo 1,000, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Injini yake ya kwanza ya lita 1.6 ilikuwa na mgandamizo wa 9.4 kwa 1, na ile ya lita 1.8 iliyofuata mwaka 1993 ilikuwa na 9 kwa 1. Hizo ni namba za wastani, zinazoruhusu shinikizo dogo bila kufumua injini. Tena injini hiyo ya 1.6 ni ya ukoo mmoja na ile iliyotumika na tabo kwenye Mazda 323, kwa hiyo krankshafti na konrodi zake si za karatasi. Ndiyo sababu Wamarekani wengi wamezifunga supachaja za Eaton kwa shinikizo la paundi 6 hivi na magari yao yakadumu.

Hata hivyo gari hilo lina mitego miwili. Injini za mwanzo kabisa, za takriban miaka miwili ya kwanza, zilikuwa na krankshafti yenye ncha fupi pale puli inapofungwa. Ufunguo wa puli huweza kulegea, puli ikaanza kuyumba, na ncha ikaharibika. Mkanda wa supachaja huvuta hapo hapo. Mtego wa pili ni difu ya yale ya lita 1.6, ambayo ni ndogo kuliko ya 1.8 na huvunjika upesi ikizidishiwa nguvu. Kwa anayekusudia supachaja, basi, la lita 1.8 ni chaguo bora hata kama bei yake iko juu kidogo.

Kwa upande mwingine yapo magari mazuri ambayo si rahisi kwa shughuli hii. Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ, yaliyotoka mwaka 2012, yana mgandamizo wa 12.5 kwa 1. Yanafungwa supachaja, lakini ni kazi ya kupimwa kwa kompyuta na mtu anayejua, si ya kubahatisha. Mazda RX-8 nayo ina injini ya kuzunguka, isiyo na pistoni, ambayo hutegemea vizibo vyembamba kwenye ncha za rota. Kunoki kidogo tu kunaweza kuvivunja. Hiyo mwachie mwenye injini ya akiba stoo.

Swali la pili ni petroli. Japani mwenye gari huchagua kati ya petroli ya kawaida yenye okteni ya 90 hivi na ile ya juu ya 100 hivi. Okteni ni uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka yenyewe. Vituo vyetu vingi vina pampu ya aina moja tu. Supachaja iliyopangwa kwa petroli ya 100 haiwezi kufanya kazi hapa kwa mpangilio ule ule. Lazima shinikizo lipunguzwe na majira ya plagi yarudishwe nyuma, nguvu ipungue, injini ipone.

Swali la tatu ni nani atarekebisha mafuta. Hewa ikiongezeka, petroli nayo lazima iongezeke kwa kadiri ile ile. Nozeli za kiwandani zilipimwa kwa hewa ya kiwandani, na kompyuta ya injini haijui kwamba umeleta mgeni. Petroli ikipungua, moto unazidi, pistoni inatoboka. Kwa hiyo usimwulize fundi kama anaweza kuifunga supachaja, maana kufunga ni kukaza bolti. Mwulize ana kipimo gani cha kuonyesha mchanganyiko wa hewa na petroli gari likiwa linakimbia. Akikujibu kwamba yeye husikiliza kwa sikio, mshukuru, umwage.

Nasema hivi kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita rafiki yangu wa kazini alifungiwa tabo katika gereji moja, ambayo sitaitaja. Gari lilikwenda vizuri kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili, tukiwa njiani kwenda msibani, lilianza kugonga. Akasema ni petroli mbaya, akaendelea kukanyaga ili tuwahi maziko. Hatukuwahi. Tulipofungua injini, pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Fundi alidai kosa ni la dereva, dereva akadai ni la fundi, na gari likabaki juu ya mawe hadi likauzwa chuma chakavu.

Swali la nne, na hili ndilo hasa la mnunuzi wa mtumba, ni afya ya gari lenyewe. Supachaja haitibu ugonjwa, bali huufichua. Kama unaagiza kutoka Japani, omba karatasi ya mnada. Wakaguzi wa minada huko huyapa magari alama, na gari lililopata ajali likatengenezwa huandikwa herufi R au RA. Muuzaji asiyetaka kukuonyesha karatasi hiyo ameshakujibu. Kumbuka pia sheria za umri: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania huongeza ushuru kwa magari ya zamani. Piga hesabu ya kodi kabla ya kupiga hesabu ya farasi.

Kama unanunua hapa hapa, nenda asubuhi kabla injini haijawashwa. Iguse. Ikiwa ya moto, mwenyewe amekutangulia kuificha tabia yake ya baridi. Fungua kifuniko cha oili: ute mweupe kama maziwa ni dalili kwamba maji yanachanganyika na oili. Mwambie aiwashe, utazame moshi. Wa bluu ni oili inaungua, mweusi ni petroli iliyozidi, mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji. Kisha toa plagi zote, pima kompresheni silinda moja moja. Usitazame ukubwa wa namba peke yake, tazama kama zinalingana. Zikipishana zaidi ya asilimia 10 hivi, hiyo si injini ya kuongezewa mzigo.

Tulikwenda kuliona gari lile jekundu Jumamosi iliyofuata, mimi, mpwa wangu, na fundi mmoja mzee mwenye kipimo chake mfukoni. Rangi ilikuwa inang'aa, viti safi, redio inapiga. Mwenye gari alikuwa mkarimu, akatuletea na maji ya kunywa. Fundi akatoa plagi, akapima. Silinda ya kwanza, 180. Ya pili, 178. Ya tatu, 181. Ya nne, 130. Akarudia ya nne. Ikasoma 130. Akadondoshea oili kidogo kwenye tundu la plagi, akapima tena, ikapanda hadi 165. "Ringi," akasema, akaanza kufuta mikono.

Mwenye gari akasema ni plagi tu, na kwamba kuna mtu mwingine anakuja na fedha jioni. Nilimtazama mpwa wangu. Nilijua anavyolitaka gari lile, na sikusema neno, maana fedha ni zake. Akazunguka gari mara moja, akapitisha mkono juu ya boneti, kisha akamwambia yule bwana, "Ahsante kaka, mwache huyo wa jioni alichukue."

Njiani akaniuliza, "Sasa mjomba, niache kabisa?" Nikamwambia sikusema aache. Nilimwambia apange fedha kwa mpangilio mwingine. Kwanza anunue gari zima, alitumie kama lilivyo kwa mwaka mmoja, ajue linavyokula oili na linavyopata moto foleni ya saa tisa mchana. Pili, kabla ya supachaja, atie breki mpya, matairi mazuri, shokapu, na rejeta isiyovuja. Kisha klachi, kwa sababu klachi ya farasi 120 haikuapa kubeba 160. Na siku atakapoulizia bei ya supachaja, aweke pembeni kiasi kingine kama hicho kwa ajili ya nozeli, pampu ya petroli, mikanda na kazi ya kupima. Asipokuwa nacho hicho cha pili, hana na kile cha kwanza.

Kuhusu breki nisisitize. Gari likitoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa hadi 120, mwendo umeongezeka kwa nusu, lakini nguvu ambayo breki zinatakiwa kuizima imeongezeka zaidi ya mara mbili. Mtoto anayevuka barabara kufuata mpira hajui kama umefunga supachaja. Toa taarifa pia kwa kampuni ya bima, kwa sababu gari lililobadilishwa kimyakimya linaweza kukuletea mabishano siku ambayo huna nguvu ya kubishana.

Na lipo jambo la mwisho ambalo vijana hawapendi kulisikia. Mara nyingi ni nafuu zaidi kununua gari ambalo kiwanda chenyewe kililifunga supachaja au tabo, kuliko kulifanya wewe. Pistoni zimeshabadilishwa, rejeta imeshakuzwa, kompyuta imeshafundishwa. Utakosa sifa ya kusema nimelitengeneza mwenyewe, lakini utalala usingizi.

Mpwa wangu bado anatafuta. Juzi amenipigia simu kwamba ameona jingine, la lita 1.8, rangi imepauka na paa lina kiraka. Nikamwuliza rangi ya nini. Akacheka, akasema, "Mjomba, safari hii kipimo nimenunua changu." Mama yake amesikia, na ameniambia kwamba gari lisipopatikana hadi mwisho wa mwaka, kiwanja kinanunuliwa. Kijana amekubali.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.